Goti na Paralelizimu

Kazi yangu ni vijana. Ninapanga mechi za mtaa, ninaandika majina ya wanaotaka kujifunza kushona au kuchomea vyuma, na wakigombana ninakaa nao chini mpaka hasira ishuke. Lakini katika maisha ya ukimbizi, mtu aliyemaliza sekondari na anayesikia Kifaransa, Kirundi na Kiswahili, kazi yake haina mwisho. Leo anaitwa ofisini kusoma barua ya jirani, kesho shuleni kusimama kama mzazi, kesho kutwa hospitali. Mwaka jana mimi niliitwa kutafsiri goti.

Ninaandika habari ya goti hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza, wazee wetu wengi wanaumwa magoti, na maneno yanayozunguka juu ya operesheni ya goti ni ya kutisha. Eti wanakata mguu mzima halafu wanauunga. Eti chuma kilicho ndani kinaita radi wakati wa mvua. Ya pili, wafanyakazi wa mashirika nao wanasoma kurasa hizi, na kwenye dosia zao goti ni neno moja tu, kati ya maneno mengi ya watu wengi. Ninataka waone kilicho ndani ya neno hilo.

Mwenye goti ni mama mzee ambaye sisi wote tunamwita Koko. Jina lake nitaliacha. Anatoka upande wa Uvira, amevuka Ruzizi zaidi ya mara moja katika maisha yake, na sasa anaishi katika kambi moja mashariki ya nchi. Hapa Bujumbura alifikia kwa binti yake, Buyenzi, nyumba ya pili kutoka kwetu. Kwa miaka mingi amebeba mihogo, kuni, maji na wajukuu. Miguu yake yote miwili imeingia matege. Hakuzaliwa nayo, yalikuja polepole, kidogo kila mwaka, mpaka siku moja watoto wakaanza kuyaona kabla yeye hajayaona. Goti la kuume ndilo lilikuwa baya zaidi. Usiku lilikuwa linamwamsha. Mchana alikuwa anatoka kitandani mpaka mlangoni akishika ukuta.

Kupata pesa ya operesheni kulichukua muda mrefu. Ofisi moja tuliyoiomba msaada ilijibu kwamba goti si ugonjwa wa kuua, na pesa iliyopo ni ya watu wa dharura. Jibu hilo nalielewa, ingawa mtu ambaye hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono anakufa kidogo kidogo kwa namna nyingine. Mwishoni ni watoto wake watatu waliohamishiwa Marekani ndio walichanga. Walichanga zaidi ya mwaka mmoja, na kwenye simu walisema wazi: "Mama, hii pesa ni ya mara moja. Hatuna ya pili." Maneno hayo Koko aliyabeba mpaka ndani ya chumba cha daktari, na yalibadilisha kila swali aliloliuliza.

Daktari mpasuaji alianza kwa kumpeleka radio, ndivyo tunavyosema hapa kwa picha ya mifupa. Haikuwa picha ya goti peke yake. Alitaka picha ndefu, Koko akiwa amesimama, kuanzia nyonga mpaka kwenye kifundo cha mguu. Koko alinong'ona: "Ugonjwa uko hapa. Juu ya nini wananipiga picha mpaka kule juu?" Swali lake lilikuwa zuri, maana jibu lake ndilo operesheni yenyewe.

Daktari aliweka picha kwenye mwanga, akachukua rula na kalamu. Alichora mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, ukashuka mpaka katikati ya kifundo cha mguu. Kwa mtu ambaye mguu wake umenyooka, mstari huo unapita katikati ya goti, au karibu sana na katikati. Kwa Koko mstari ulikuwa umekimbilia upande wa ndani, karibu utoke kabisa nje ya goti. Uzito wa mwili unafuata mstari huo. Kwa hiyo kila hatua aliyopiga, karibu uzito wote ulikuwa unaangukia upande mmoja wa goti, ule wa ndani. Gegedu la upande huo, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, lilikuwa limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Na kadiri upande huo unavyokwisha, mguu unazidi kupinda, na ukizidi kupinda, uzito unazidi kwenda upande huo huo. Matege yanakula goti, na goti likiliwa linaongeza matege.

Hapo ndipo tafsiri ikawa ngumu. Daktari alikuwa na neno moja la Kifaransa analolirudia, neno la kupanga vitu vikae kwenye mstari wake. Mimi nilikuwa na maneno matatu mfukoni. Kunyoosha, lakini chuma kilichopinda kinanyooshwa kwa nyundo, na Koko angesikia nyundo. Kulinganisha, lakini hilo ni la kupima kitu na kitu, watoto wawili nani mrefu. Kusawazisha, lakini hilo ni la ardhi na la mizigo. Kila moja lilikuwa na kipande cha maana na kukosa kipande.

Mtu wa Buyenzi hahitaji kwenda mbali. Mtaa wetu ni mtaa wa magaraji. Huwezi kutembea avenyu mbili bila kuruka miguu ya fundi aliyelala chini ya gari, na mkwe wake Koko ni mmoja wao. Nikamwambia: "Koko, anachosema ni paralelizimu."

Alinitazama, kisha akacheka mara ya kwanza siku hiyo. "Paralelizimu ya gari?"

"Ndiyo, Koko. Ile ile."

"Gari ikikosa paralelizimu inakulaka pine upande moja."

"Ndivyo goti lako lilivyokulika."

Nilimrudishia daktari kwa Kifaransa tulichosema. Alifurahi, akasema kwamba hajapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo, na kuanzia hapo tuliendelea na gari mpaka mwisho. Ninawapa hapa yale aliyotueleza, kwa sababu yanamfaa kila mzee anayeingia chumba kama kile, na kila kijana anayekwenda kumtafsiria.

Kwanza, hawakati mguu, wala hawaondoi goti zima. Wanachonga ncha za mifupa iliyoharibika, milimita 8 au 10 hivi, wanavisha vipande vipya. Juu, kwenye mfupa wa paja, inakaa kofia ya chuma. Chini, kwenye mfupa wa muundi, inakaa sahani ya chuma. Katikati yao kuna kipande cha plastiki ngumu ambacho ndicho pine yenyewe: hicho ndicho kinachosagika. Mara nyingine hata nyuma ya pia ya goti wanaweka kitufe cha plastiki. Mara nyingi vyote vinashikwa na sima maalum ya hospitali. Vyuma vyenyewe vinatoka kiwandani vimekamilika. Kinachobaki mikononi mwa mpasuaji ni namna ya kuvikalisha, na hapo ndipo goti linapona au linapoharibika. Kofia nzuri ikikaa vibaya, plastiki italika upande mmoja kama pine, vipande vitalegea, na maumivu yatarudi.

Pili, mistari haionekani kwa macho. Mtu amelala, mguu umefunikwa, goti limefunguliwa, nyonga iko ndani ya nyama. Mpasuaji haoni juu wala chini, anaona katikati tu, na bado lazima akate kwa kufuata mstari unaoanzia nyonga. Mfupa wa paja nao haumsaidii, kwa sababu haushuki wima. Nyonga ziko mbalimbali kuliko magoti, kwa hiyo mfupa unashuka umelala kidogo kuelekea ndani. Kati ya mfupa huo na mstari wa uzito kuna tofauti ya digrii 5 mpaka 7 hivi. Mpasuaji akiingiza fimbo ya chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, fimbo inafuata mfupa. Ndiyo maana kifaa kinachoongoza msumeno kinafungwa kwenye fimbo kikiwa kimeinamishwa kwa digrii zilizopimwa kwenye picha ya mgonjwa huyo, ili mkato ufuate mstari. Ile picha ndefu iliyomshangaza Koko ilikuwa na kazi hiyo. Mfupa wa muundi ni mwepesi zaidi, unaweza kuufuata kwa nje mpaka kwenye kifundo, na mkato wake kwa kawaida unakaa digrii 90 juu ya mstari.

Wapasuaji wengi wamefundishwa wasitoke nje ya digrii 3, upande huu au upande ule. Nilitaka kujua digrii 3 ni kiasi gani. Daktari alinionyesha saa ya ukutani. Mshale wa dakika unatembea digrii 6 kwa dakika moja. Kwa hiyo digrii 3 ni nusu dakika ya mshale. Ni kitu ambacho jicho halikioni, lakini goti linakisikia miaka 15.

Tatu, na hapa hata mimi nilishangaa, mstari wa mbele peke yake hautoshi. Kofia ya chuma inaweza kukaa sawa ukiitazama kwa mbele na bado ikawa imezungushwa vibaya, kama kofia ya mtoto iliyogeukia sikio. Kwa kawaida wanaizungusha nje kidogo, kama digrii 3 ukipimia nyuma ya mfupa. Sahani ya chini nayo ina alama yake ya kufuata, lile nundu la mfupa unaloligusa chini ya pia ya goti. Kama vipande vimegeukia ndani, pia ya goti inavutwa itoke njiani kuelekea nje, na kupanda ngazi kunakuwa mateso. Kwenye picha ya kawaida mguu unaweza kuonekana umenyooka kabisa na mgonjwa bado analia. Hilo ninawaandikia hasa wauguzi na watu wa mashirika: mzee akisema goti jipya linamuuma, na picha inaonyesha mguu ulionyooka, msimwambie kwamba ni mawazo tu.

Nne ni kano, zile kamba za pande mbili za goti. Kwa mwenye matege, kano za ndani zimejikunja na kukaza, za nje zimevutika. Mtu yeyote aliyewahi kufunga shitingi kambini anajua jambo hili. Nguzo inaweza kusimama wima, lakini kamba za upande mmoja zikikaza na za upande mwingine zikilegea, upepo wa kwanza unaiangusha. Kwa hiyo baada ya kukata, mpasuaji anaingiza kipimo kati ya mifupa miwili, mguu ukiwa umenyooka, halafu goti likiwa limekunjwa. Nafasi inatakiwa iwe sawa ndani na nje, na iwe sawa goti likinyooka na likikunjwa. Ikiwa upande wa ndani umebana, anaulegeza kidogo kidogo mpaka ulingane. Daktari alisema sehemu hiyo ndiyo inayochukua uvumilivu.

Nisidanganye kwamba wapasuaji wote duniani wanakubaliana. Uso wa goti la kuzaliwa haukai digrii 90 kamili, watu wengi umeinama digrii 3 hivi kuelekea ndani. Ndiyo maana kuanzia miaka ya 2000 Stephen Howell wa California na wenzake wanasema ni bora kumrudishia kila mtu mwinamo wake mwenyewe kuliko kuwapanga watu wote kwenye mstari mmoja. Na mwaka 2010 wapasuaji wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya magoti 398 waliyoyafuata miaka 15: yale yaliyokuwa ndani ya digrii 3 hayakudumu zaidi ya yale yaliyotoka nje. Hiyo haina maana kwamba kupima ni bure. Maana yake ni kwamba goti lina mambo mengi, na mstari wa mbele ni jambo moja kati ya hayo. Hospitali za matajiri sasa zinatumia kompyuta na roboti za kuongoza msumeno. Kwetu bado ni fimbo, rula na jicho la mtu aliyezoea, na kazi nzuri inafanyika hivyo hivyo.

Jambo hili lenyewe si la jana. Mwaka 1890, huko Berlin, Themistocles Gluck alimwekea msichana wa miaka 17, aliyekuwa na kifua kikuu cha goti, goti la pembe za ndovu. Niliposikia hivyo nilifikiria Ujiji, kando ya ziwa letu, ambako miaka hiyo hiyo pembe zilikuwa zinapita kwenye mabega ya watu kwenda pwani. Magoti ya Gluck yalianza vizuri, lakini baadaye yaliharibiwa na maambukizi. Goti linalofanana na la leo lilikuja baadaye sana: Frank Gunston, aliyekuwa akifanya kazi Wrightington, Uingereza, mwaka 1968, kisha John Insall na wenzake New York mwaka 1974. Afrika yetu nayo imo. Malawi ina daftari la taifa la viungo bandia tangu mwaka 2005, na Dar es Salaam taasisi ya mifupa ya Muhimbili, MOI, inaweka nyonga na magoti. Kwa hiyo mzee akiambiwa kwamba operesheni hii ni ya Wazungu tu, asikubali.

Turudi kwa Koko. Alisikiliza yote, mikono juu ya magoti. Halafu akasema: "Muulize. Akikosea ule mustari, nani atarudisha?"

Nilitafsiri. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema goti linaweza kurudiwa, lakini la pili ni gumu kuliko la kwanza. Mfupa wa kushikia unakuwa umepungua, vyuma vinatakiwa viwe virefu zaidi, bei inapanda, na hapa kwetu vyuma vya kurudia havipatikani kila wakati. Akaongeza na mengine: maambukizi yanaweza kuingia, damu inaweza kuganda ndani ya mguu, na kuna watu wachache ambao goti linakaa vizuri na maumivu yanabaki. Atapima kila hatua kabla ya kukata, lakini ahadi ya asilimia mia hana.

Binti yake Koko anasikia Kifaransa kidogo. Alinigusa mguu chini ya meza, akaniambia kwa sauti ndogo: "Hiyo usimwambie. Ataogopa, atakataa, na pesa imekwisha tumwa."

Wenzangu wanaofanya kazi ya kutafsiri wanajua uzito wa mguu ule chini ya meza. Familia inakuomba kwa upendo. Wao ndio wamekuita, wao ndio watakupa nauli, kesho mtakutana kwenye bomba la maji. Lakini goti lilikuwa la Koko, na swali lilikuwa lake. Mtu akiuliza njia, humfichi daraja lililovunjika. Nilitafsiri yote, neno kwa neno, hata lile la damu kuganda, na nilimtazama yeye, si binti yake.

Koko alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Sasa nimejua. Kama angesema hakuna hatari hata moja, ningerudi kambini leo. Mwambie apime vizuri. Miye siogopi kisu, naogopa kurudi na mugulu wa mutu mwingine."

Alifanyiwa operesheni wiki iliyofuata. Sisi tulikaa nje kwenye benchi, karibu saa mbili. Binti yake hakunisemesha tangu siku ile, lakini alinunua chai mbili, moja akanisogezea.

Siku iliyofuata walimsimamisha. Alilia, akatukana kwa Kifuliiru, akasimama. Hapa kuna jambo ninalotaka kila familia ijue. Jamaa waliokuja kumwona walimhurumia, wakamwekea mto chini ya goti ili apumzike. Mtu wa mazoezi ya viungo, tunayemwita kine, aliuondoa. Uliporudishwa jioni, aliuondoa tena, akanieleza nitafsiri kwa wote. Goti likizoea kukaa limekunjika kidogo, linapona hivyo hivyo, halinyooki tena mpaka mwisho. Basi kazi yote ya mpasuaji ya kutafuta mstari inapotea kwa sababu ya huruma ya mto. Mto unawekwa chini ya kisigino, goti libaki wazi, lijinyooshe. Mazoezi ni mara kadhaa kwa siku, na yanauma. Mjukuu wake wa miaka 9 ndiye alikuwa msimamizi mkali kuliko kine.

Baada ya miezi mitatu alipigwa tena ile picha ndefu. Daktari alichukua rula, akachora mstari mbele yetu. Ulipita katikati ya goti. Koko aliomba kalamu, akaupitisha kidole, akasema: "Paralelizimu imekubali."

Ningependa kuishia hapo, lakini maisha ya kambi hayaishii hospitali. Mguu uliokuwa na matege ukinyooka unarefuka kidogo, na mguu wa kushoto wa Koko bado umepinda. Kwa hiyo alikuwa anatembea kama mtu mwenye miguu ya watu wawili, mgongo ukaanza kumuuma. Fundi viatu wa hapa Buyenzi alimwongezea soli moja chini ya sandali ya kushoto, kazi ya nusu saa, na mgongo ukatulia.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa choo. Goti la chuma likiwa zuri linakunjika vya kutosha kukaa kwenye kiti, kupanda ngazi, kuingia kwenye basi. Kuchuchumaa mpaka chini ni kitu kingine: wengi hawafiki huko, na daktari alimwambia asilazimishe. Lakini choo cha kambi ni choo cha shimo, na mzee wa kambi analala kwenye mkeka chini. Yaani watu walichanga pesa zaidi ya mwaka, mpasuaji alipima mpaka nusu dakika ya mshale wa saa, halafu tukamrudisha Koko mahali ambapo mara mbili au tatu kwa siku anaombwa afanye kile kitu kimoja ambacho goti lake haliwezi. Wiki ya kwanza alipunguza kula na kunywa ili asiende chooni. Hilo aliniambia mwenyewe, kwa simu, akiona aibu.

Vijana wanaojifunza kuchomea na useremala ndio walitatua. Nilikwenda nao kambini na mita. Tulimkalisha Koko kwenye viti vitatu tofauti mpaka tukapata kimo ambacho anainuka bila kusukumwa. Wakatengeneza kiti cha mbao chenye tundu, miguu ya chuma, na vishikio pande mbili. Kitanda nacho tuliinua kwa matofali. Hakuna kati ya vitu hivyo kilichogharimu pesa ambayo shirika lolote lingeiona kwenye bajeti.

Kwa hiyo kwa ndugu zangu wa kambi na wa mtaani, mkienda kwa daktari wa goti, ulizeni mambo haya. Je, mtapiga picha ndefu ya mguu mzima, mtu akiwa amesimama? Mguu wangu umepinda kiasi gani, na utanyooshwa kiasi gani? Umeweka magoti mangapi, na wagonjwa wako wa zamani wanatembeaje? Nani atanifanyisha mazoezi nikitoka? Ikitokea nina homa, kidonda kinatoa maji, au ndama ya mguu imevimba na inauma, nirudi wapi usiku? Mna haki ya kuuliza, na mna haki ya mtu wa kuwatafsiria yote, bila kupunguza.

Na kwa wafanyakazi wa mashirika, mkipokea dosia ya mzee aliyebadilishwa goti, msiifunge siku anayotoka hospitali. Fungueni ukurasa mwingine: kitanda, kiatu, kiti cha choo, njia kutoka nyumba mpaka bombani. Pesa ya hapo ni ndogo, na bila hiyo ile kubwa inapotea.

Koko sasa anakwenda mwenyewe kanisani na kurudi. Hapigi magoti, anasali amekaa. Goti la kushoto linaendelea kuliwa, watoto wake Marekani wamesema wapewe muda, na yeye amesema hana haraka. Katika sehemu ya kambi anayoishi tumehesabu wazee wengine saba ambao hawawezi kuchuchumaa, wenye goti la chuma na wasio nalo. Vijana wamekwisha tengeneza viti vinne. Mbao iliyobaki inatosha viwili.